Magunia Mawili Nyuma ya Starlet

Baba yangu mkubwa, Mzee Ramadhani wa kijiji cha Mgori, alisema nitarudi kuchunga ng'ombe wake kabla mvua hazijakatika. Petro, fundi wa malori ambaye hakuwahi kufungua kitabu chochote cha ufundi, alisema stashahada haifungui nati. Mama Neema, mjane aliyekuwa akiuza chai na chapati ng'ambo ya barabara, alisema hakuna mtu wa Singida atakayetoa hela ili gari lake liwe gumu wakati barabara zenyewe ni ngumu tayari. Huyo wa tatu angalau alikuwa na hoja.

Nimewataja hao watatu mapema kwa sababu ndio hao hao walionikopesha. Kwetu mtu anaweza kukwambia usoni kwamba utashindwa, kisha akakupa mtamba wake. Ukifanikiwa, alikusaidia. Ukishindwa, alikuonya. Kwa vyovyote vile yeye hapotezi.

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za gereji. Magoti yangu hayataki tena kulala chini ya magari, na mgongo unaniambia mapema kuliko redio kwamba mvua inakuja. Ninyi mafundi mliobaki pale mliniomba niwaandikie kazi yetu ilianzaje. Nitaandika, lakini msitegemee kusoma mapato wala sherehe. Mapato yalikuja na yakaenda. Kwenye sherehe nilialikwa baada ya kufanikiwa, na wapishi walikuwa wale wale waliokuwa wakinicheka.

Nilisoma chuo cha ufundi nikatoka na stashahada ya ufundi wa magari. Katika ukoo wetu nilikuwa wa kwanza kupata karatasi ya namna hiyo, na wa pili bado tunamsubiri. Hapa nyumbani hakukuwa na gereji iliyonitaka zaidi ya kubadilisha oili, kwa hiyo nikaenda Sauzi. Sikutumwa na mtu, sikulipiwa na mtu. Niliteremka Durban nikiwa na begi moja na cheti nilichokuwa nimekizungushia plastiki kama mkate.

Huko nikapata kazi kwa Mzee Govan, mtu mfupi mwenye asili ya Kihindi, ambaye katika gereji yake ilifanyika kazi moja tu: miguu ya magari. Shokapu, springi, bushi, na kile chuma kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona, ambacho mafundi tunakiita stebilaiza. Injini yeye aliiita kelele. Vijana wa pale walikuwa wakimletea magari madogo ya kawaida kabisa, ya kwendea sokoni, naye akiyarudisha yakikata kona kama yamefungwa kwenye reli.

Siku yangu ya kwanza nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi, nikasimama nikisubiri kupewa spana. Akanipa kiroba cha mchanga.

"Weka kwenye kiti cha dereva," akasema.

Nikaweka. Akaniletea cha pili. Nikaweka. Akamwuliza mwenye gari uzito wake, yule jamaa akataja kwa aibu, maana alikuwa mnene, na Mzee Govan akaniletea cha tatu na nusu ya cha nne. Ndipo akachukua futi yake, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika tairi kwa juu, pande zote nne, kisha akafunga kamba kutoka nyuma hadi mbele kuangalia kama matairi yanatazama sawa.

"Gari tupu ni picha ya gari," aliniambia. "Huwezi kushona suruali kwa kupima picha. Anayekaa ndani ni sehemu ya gari."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu siku hiyo hiyo, nikayapigia mstari. Nilidhani nimeyaelewa. Shikeni jambo hilo, nitalirudia kwa uchungu.

Mzee Govan ndiye aliyenifundisha pia kuiogopa springi. Springi iliyobanwa haina tofauti na bunduki iliyokokiwa. Vibanio lazima viwe viwili, vikikabiliana, unavikaza kidogo huku na kidogo kule, na uso wako usiwe juu ya nati ya katikati hata mara moja. Yeye alikuwa na meno matatu ya dhahabu upande wa kushoto. Nilipomwuliza kama ni urembo, akanijibu kwamba ni karo aliyolipa kwa springi ya gari la shemeji yake. Hakuwahi kunikaripia kwa kuchelewa. Kwa kuinamia springi alinifukuza siku mbili.

Nilipoona nimejua kila alichojua yeye, na kwa pembe za magurudumu nilimpita, nasema kweli tu, nikarudi nyumbani. Nilikuja na sanduku la mbao ambalo watu wanne walilishusha kwa taabu. Ndugu walikuwa wamekaa uani wakisubiri televisheni. Likafunguliwa: vibanio vya springi, kipimo cha pembe, funguo za kukazia kwa kipimo, na shokapu za gesi jozi mbili.

Mama yangu mdogo akashika mdomo. "Umekaa Sauzi miaka yote hiyo, ukarudi na vyuma?"

"Vyuma vya kazi, mama."

"Vyuma vipo hata huku," akasema, akaingia ndani kuepua ugali.

Marehemu baba aliniachia kiwanja kimoja kando ya barabara kuu, mwanzo wa mji wa Singida, chenye mawe makubwa matatu ambayo hakuna aliyewahi kuyaondoa. Hapo ndipo gereji ilipo hadi leo, na mawe yapo. Nilihitaji paa, sakafu ya saruji iliyonyooka, na benchi. Nikaenda Mgori kwa baba mkubwa. Nilimkuta zizini.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, Idi. Umekuja kuangalia kazi yako?" Akanyoosha fimbo kuwaelekeza ng'ombe.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

"Kwa hiyo mtu ana gari zima," akasema. "Halijaharibika. Anakuletea. Unalifungua, unaliwekea miguu mingine, linakuwa fupi na gumu. Anakushukuru?"

"Linashika barabara vizuri, baba mkubwa. Kwenye kona halilali. Ukikanyaga breki halipigi magoti."

"Mbuzi naye kwenye kona halali," akasema. "Na hana stashahada."

Wajukuu zake walicheka hadi wakakaa chini. Lakini alinipa mitamba mitatu. Masharti yake yalikuwa mawili. Kwanza, ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe, asinione nikimletea noti. Pili, nikishindwa kulipa, kiwanja cha baba yangu kiwe chake, nami nirudi Mgori nichunge. Alisema hayo mbele ya wazee wawili, nami nikaitikia mbele yao. Kiwanja hicho ndicho kitu pekee nilichoachiwa na baba. Muelewe kwamba kuanzia siku ile nilikuwa nikifunga kila nati nikijua hilo.

Mama Neema akanikopesha magunia matano ya alizeti niyauze. Petro akaniazima jeki yake kubwa ya malori na jiliwa la kubania vyuma, akisema: "Kaa navyo mpaka utakapochoka kucheza."

Nilitundika stashahada yangu ukutani kwenye fremu. Watu wakanibatiza jina la Diploma, kwa kejeli. Nililichukua jina lile nikaliandika kwenye kibao cha nje kwa rangi nyekundu. Kejeli ukiiwekea kibao, wenyewe wanachoka.

Kwa wiki nyingi wateja walikuwa wakileta magari yaliyokufa shokapu, nikiwawekea za kawaida, wakiondoka. Hakuna aliyetaka ile kazi niliyokuja nayo. Mpaka alipokuja Juma.

Juma alikuwa muuza dawa za mifugo, akizunguka minada ya Mtinko na kwingineko. Alikuwa pia shemeji yangu, amemwoa Mwajuma, binti wa baba mkubwa. Alikuwa na Starlet nyeupe, kagari kadogo, kazima, na alipenda mwendo kuliko alivyopenda chakula. Alikuwa na kilio kimoja: kwenye kona gari lilikuwa likilala kama mtumbwi.

"Shemeji," akaniambia, "nasikia Sauzi ulikuwa unayafanya haya makopo yakimbie kama ya mashindano."

"Hayakimbii zaidi. Yanakaa zaidi. Kukimbia ni shauri lako."

"Basi nikalishie."

Nililifanyia kazi gari lile siku nne, na sijapata kufanya kazi kwa mapenzi kama yale. Nilitoa springi zote nne nikaweka fupi na ngumu, gari likashuka vidole vitatu. Nikafunga zile shokapu za gesi kutoka Sauzi. Nikang'oa bushi za mpira zilizokuwa zimechakaa, nikasukumiza ngumu za plastiki. Stebilaiza ya mbele nikaweka nene. Nikavisha matairi mapana zaidi kidogo. Nyuma, kwa kuwa gari lilikuwa limeshuka, ile mipira midogo inayopokea kishindo springi ikifika mwisho ilikuwa karibu kugusa. Nikaikata nusu, nafasi ipatikane. Kisha nikaweka viroba vya mchanga kwenye kiti cha dereva, sawasawa na uzito wa Juma, nikapima kwa futi, nikafunga kamba, nikarekebisha matairi yakatazama sawa. Kila kitu kama nilivyofundishwa. Mzee Govan angekuwepo, angekosa la kusema.

Tulilijaribu mlima Sekenke, kule Iramba. Mnazijua kona zile, malori huzishuka kwa sala. Juma alizichukua moja baada ya nyingine, gari limenyooka, nami nimekaa kando nimekunja mikono kama bwana harusi.

"Shemeji," akapiga kelele, "kagari kananisikia kabla sijasema!"

Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu. Juma alilitangaza lile gari kila mnada. Vijana wawili walileta ya kwao, mwalimu mmoja wa sekondari akauliza bei. Hata Petro alikuja akainama, akachungulia chini ya Starlet, akasema "hm." Kwa Petro hiyo ni hotuba.

Kisha Juma akaenda Mgori kuwasalimia wakwe zake.

Siku hiyo nilikuwa nakunywa chai kwa Mama Neema. Mtu wa bodaboda akasimama, hakuzima hata pikipiki. "Diploma, lile gari lako limelala mtaroni, njia ya Mgori. Shemeji yako wamempeleka hospitali."

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alikuwa peke yake, Mungu alisaidia. Kwenye kona moja ya changarawe, kona ambayo mtoto wa baiskeli anaipita bila kufikiri, nyuma ya gari iliruka, ikateleza, likapinduka.

Kikao kiliitwa Mgori kabla sijapata hata kuliona gari. Nilikaa kwenye kigoda kifupi, wazee kwenye viti. Baba mkubwa hakupandisha sauti.

"Gari lile limekuja hapa miaka na miaka," akasema. "Limekuja masika, limekuja kiangazi. Halijaanguka. Wewe umeligusa, limeanguka. Nani ana swali?"

Wazee wakatikisa vichwa.

"Mkwe wangu yuko kitandani. Binti yangu anauza dawa za ng'ombe peke yake. Alizeti ya mwaka kesho ikivunwa, nataka mitamba yangu mitatu. Isipofika, kiwanja ni changu, na fimbo ya kuchungia iko pale." Kweli ilikuwepo, imeegeshwa ukutani. Nadhani aliiegesha makusudi.

Asubuhi iliyofuata Petro alikuja kuchukua jeki yake na jiliwa lake. Hakusalimia. Wale vijana wawili walikuja kunitaka niwarudishie springi zao za zamani. Mwalimu wa sekondari akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mkitaka kumjua mtu wa kwenu, pateni ajali moja.

Gari lilivutwa likaletwa gerejini, nami nikaanza kulisoma. Upande wa nyuma, ukingo wa madigadi ulikuwa umelila tairi hadi nyuzi zikaonekana. Ile mipira niliyoikata nusu ilikuwa imepondeka kabisa, na vyuma viwili ambavyo havitakiwi kukutana vilikuwa vimegongana hadi vikang'aa. Maana yake springi za nyuma zilifika mwisho, zikakosa pa kwenda, na gari likawa gogo. Gogo halikati kona. Kwenye sakafu ya buti nilikuta punje za alizeti na maganda ya vitunguu, na manyoya ya kuku.

Nikaenda hospitali nikiwa na hasira ya mtu aliyepata ushahidi.

"Juma, ulibeba nini?"

Mguu wake ulikuwa umening'inizwa. "Magunia mawili ya alizeti, kiroba cha vitunguu, na kuku sita."

"Mimi nililipima gari lile kwa mtu mmoja! Nani alikwambia upakie?"

"Baba yako mkubwa. Alipakia mwenyewe, kwa mikono yake."

"Ungekataa."

Juma aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekaa ugenini sana.

"Shemeji. Nimesimama uani kwa mkwe wangu. Amenyanyua gunia. Ulitaka nimwambie, subiri mzee, gari langu halibebi?" Akajisogeza kwenye mto. "Na wewe, ukitoka Mgori umewahi kurudi mtupu hata siku moja?"

Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimetoka kwa baba mkubwa huyo huyo kwa gari la kukodi, mbuzi amekaa kiti cha nyuma, na dereva wala hakugeuka kumtazama. Hakuna gari linaloondoka uani kwa watu wa kwetu likiwa tupu. Mwenye nyumba ataona haya, na mgeni ataitwa mwenye kiburi. Hili analijua mtoto anayenyonya. Mwenye stashahada pekee ndiye aliyelisahau.

Nilirudi nikafungua lile daftari. Anayekaa ndani ni sehemu ya gari. Durban gari lilikuwa likibeba kijana mmoja na redio yake. Mimi nilibeba viroba vya mchanga vya Mzee Govan hadi Singida, nikaacha Durban akili iliyokuwa ndani yake. Nimeandika hili mara moja, na sitalirudia kwa mdomo hata mkiniuliza: kosa lilikuwa langu. Lakini wale walionihukumu hawakulijua kosa hilo. Walinihukumu kwa sababu walikuwa wamesubiri.

Niliamua kulijenga upya gari la Juma. Mama yangu aliwahi kusema kwamba zaidi ya kiwanja, baba aliniachia ukaidi wa kwao. Jeki ilikuwa imekwenda, basi nikalipandisha kwa magogo na mawe. Mawe Singida hatukosi. Ninyi msifanye hivyo, nami nisingefanya kama Petro angekuwa na subira ya wiki moja.

Mama Neema alinikuta nimelala chini ya gari, kando ya jiwe. Yeye peke yake alikuwa hajanidai.

"Umebaki kucheza na hilo kaburi?" akauliza.

"Mama Neema, nahitaji magunia mawili ya alizeti. Si ya kuuza. Ya kukaa kwenye gari."

"Yakae kwenye gari yafanye nini?"

"Yawe abiria."

Akacheka kicheko ambacho bado nakisikia. "Nilijua kusoma sana kuna mwisho wake." Lakini jioni ile ile aliyaleta kwa toroli. "Ukiyatoboa, utaokota punje moja moja."

Nikaanza upya. Kwanza nikapakia: magunia mawili kwenye buti, viroba vya mchanga kwenye viti, tanki limejaa. Ndipo nikapima. Aibu iliyoje. Nyuma ilikuwa imeketi chini kama kuku anayeatamia, na taa za mbele zinatazama juu ya nyumba. Nikatafuta springi za nyuma za aina nyingine, ambazo mizunguko yake ya juu imekaribiana na ya chini imeachana: gari likiwa jepesi zinalegea, likibebeshwa zinakaza. Nilizipata kwa mvunja magari chakavu baada ya kuchakura siku mbili. Nikalipandisha gari kidole kimoja na nusu. Mipira nikaweka mizima. Ukingo wa madigadi nikaukunja kwa ndani kwa nyundo, polepole, rangi isipasuke. Matairi nikarudisha upana wa awali. Mbele sikugusa, mbele palikuwa sawa tangu mwanzo, na hilo naomba likumbukwe.

Kisha nikaliendesha mwenyewe, magunia yakiwa nyuma, hadi kona ile ile njia ya Mgori. Niliipita polepole. Nikageuza. Nikaipita kwa mwendo wa Juma. Nikageuza tena. Mara ya tano wachunga mbuzi walikuwa wamekaa juu ya jiwe wakitazama, na mmoja akaniuliza kwa Kinyaturu kama nimepoteza kitu. Nikamjibu kwamba nimekipata.

Juma alipopona hakutaka kulishika tena gari lile. Nilimbadilishia na jingine, nikabaki nalo, na kila aliyekuja gerejini nilimpakia kwenye Starlet pamoja na magunia, nikamzungusha. Muuguzi mmoja wa Ihanja alikuwa wa kwanza. Alitaka gari lake litulie kwenye kona, lakini kila mwisho wa mwezi hubeba unga anaopewa na wazazi wake. Nikamwuliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kumwuliza: "Ukitoka kwenu, unapewa nini?" Akaangua kicheko, akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikalifunga gari lake kwa vidole vile. Akaleta wenzake wawili. Wenzake wakaleta wengine. Mpaka leo gerejini hamwulizi mteja anataka mwendo gani kabla hamjamwuliza swali hilo, na magunia mawili yako kwenye kona ya ukuta. Sasa mnajua kwa nini.

Alizeti ya mwaka uliofuata ikavunwa.

Siku ile nilianza kwa Mama Neema. Nikampelekea magunia saba, matano ya kwanza na mawili ya abiria, mapya, maana yale ya zamani nilimwomba nibaki nayo. Akayapapasa moja moja. "Haya ni makavu kuliko yangu," akasema. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata siku nzima, na ilikuwa ya alizeti.

Petro sikuwa na deni lake, alikuwa amejilipa mwenyewe mapema. Hata hivyo nilipita kwake, nikashusha jiliwa jipya, kubwa kuliko lake, nikaliweka mlangoni. "La nini?" akauliza. "La zile wiki nilizocheza," nikamwambia, nikawasha gari.

Mitamba mitatu ilikuwa imetangulia kwa miguu na wachungaji wawili. Niliwakuta wamefika Mgori, baba mkubwa ameshaanza ukaguzi. Alifungua midomo akaangalia meno. Akainua mikia. Akashika kwato.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Huyu mwenye baka, kwato zake fupi."

"Wako walikuwa na kwato gani?"

"Ndefu."

Wazee wawili wale wale walikuwepo. Akawaangalia, wakaitikia kwa vichwa, na deni likaisha hivyo, bila neno la pili. Kiwanja cha baba yangu kikabaki changu. Nilisubiri. Nilikuwa nimelala siku nyingi nikiyapanga maneno ambayo angeniambia, na majibu yangu ya kila moja. Akageuka kuwaangalia ng'ombe. Ile fimbo ya kuchungia aliyoiegesha ukutani siku ya kikao ilikuwa mkononi mwake.

Nikaaga. Nilipofungua mlango wa Starlet, akawaita wanawe kwa Kinyaturu. Wakatoka ghalani na gunia la alizeti. Wakatoka na la pili. Mmoja akaja na kiroba cha vitunguu, mwingine na kuku waliofungwa miguu, na sikuhesabu, lakini naamini walikuwa sita.

"Fungua huko nyuma," baba mkubwa akasema.

Nikafungua. Kabla hawajapakia, alikwenda nyuma ya gari, akasimamisha fimbo chini kando ya tairi, akaweka kidole gumba pale ulipofika ukingo wa madigadi. Hakuniangalia. Wakapakia gunia la kwanza, la pili, vitunguu, kuku. Nikafunga buti. Akainama tena, akasimamisha fimbo pale pale, kidole hakijabanduka; ukingo ulikuwa umeshuka chini yake kwa upana wa kidole kimoja tu.

Alikaa ameinama hivyo muda mrefu kwa mzee wa umri wake.

"Haya," akasema. "Nenda, jua linazama."

Niliondoka. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama uani, wazee wawili wamemsogelea, naye anawaonyesha kitu kwenye fimbo.